Mtoto Mmoja Aliyebaki kwenye Orodha ya Shangazi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Shangazi anastaafu baada ya kukitumikia Chama chetu cha Waajiri kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Katika rasimu ya kwanza ya ukurasa huu niliandika "zaidi ya miaka thelathini." Akaisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, akauliza hiyo "zaidi" ni kiasi gani. Basi ni miaka thelathini na moja na miezi minne, na anayetaka siku akamuulize mwenyewe, anazo.

Jina la Shangazi alipewa na ofisi nzima, wakubwa na wadogo, kwa sababu ya maswali yake. Mtu akiajiriwa leo, kesho Shangazi anajua alizaliwa lini, alisoma wapi, na kwa nini alihama shule akiwa darasa la sita. Mimi nilipoajiriwa kitengo cha machapisho, miaka kumi na minne iliyopita, nilidhani ni udaku tu. Nilikaa karibu mwaka mzima ndipo nikaelewa kwamba alikuwa kazini.

Alikuja hapa akiwa na miaka ishirini na tisa, akitokea darasa la tatu, ambako alikuwa mwalimu wa watoto tisini na wawili kwenye chumba kimoja. Chama wakati huo kilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la matairi, na alipewa taipureta na meza inayoyumba. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa barua na hotuba, hasa hotuba moja ambayo mwenyekiti wa zama zile aliitoa kila mwaka kuhusu shule za umma. Vijana wanaokuja viwandani hawawezi kusoma maelekezo yaliyobandikwa kwenye pipa, ilisema hotuba hiyo, na wengi wanaacha shule kabla ya kumaliza, kwa hiyo wakubwa waamke. Watu walipiga makofi, wakanywa chai, wakarudi viwandani kwao.

Mwaka wake wa tatu, Shangazi alipokuwa akipitia nakala ya mwisho, aliandika kwa penseli pembeni ya neno "wengi" swali moja: "Wangapi?" Alikusudia kulifuta, akasahau. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kusoma chochote kilichoko mbele yake, na jukwaani akasoma kila kitu, pamoja na swali. Ukumbi ukanyamaza kusubiri jibu, na jibu hakuwa nalo. Kesho yake alimwita Shangazi, akamwambia kwa kuwa ni yeye aliyeuliza, akatafute mwenyewe. Hivyo ndivyo chama kilivyompata afisa takwimu wa kwanza wa Kamati ya Elimu, bila tangazo wala usaili.

Alichokikuta huko mashuleni ndicho alichopambana nacho mpaka leo. Mtoto akihama, shule ya zamani ilimfuta, na shule mpya ilimwandika kama mtu aliyeanguka kutoka mawinguni. Hakuna aliyejua kwamba ni mtoto yuleyule. Watoto wengi ambao chama kilikuwa kikiwalilia kwenye hotuba kwamba wameacha shule walikuwa wamekaa madarasani mtaa wa pili, wanasoma. Na walioacha kweli hawakuonekana, kwa kuwa walichanganywa na hao. Shangazi akapendekeza kila mwanafunzi apewe namba moja siku anayoingia darasa la kwanza, aende nayo popote hadi amalize masomo.

Ungedhani amependekeza kuhamisha mto. Ofisi ya elimu ilihisi wafanyabiashara wanatafuta kitu cha kuiuzia. Walimu wakuu walihisi wanapelelezwa. Wanachama wetu wenyewe walimsikiliza kwa adabu huku wakitazama saa, maana kulaumu shule ni rahisi kuliko kuhesabu wanafunzi. Alikwenda na pendekezo lake, akarudi nalo, akalipiga chapa upya, akaenda tena. Sijawahi kumwona mtu mpole mwenye kichwa kigumu namna ile.

Sasa nifike kwenye kile ambacho nusu ya wanachama wanakijua na nusu wamekisikia kikiwa kimetiwa chumvi. Mwenyewe ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisimpake mafuta.

Miaka sita iliyopita, chama kilijitolea kuchapisha bure fomu za mwisho wa mwaka kwa shule zote arobaini na moja za msingi hapa mjini. Shangazi ndiye aliyeiandaa fomu. Katika fomu ile ya zamani kulikuwa na sehemu ya sababu ya mwanafunzi kuondoka, na mwalimu mkuu alijaza namba tu. Moja, ameacha. Mbili, amehama. Tatu, amefariki. Shangazi ni mtu asiyevumilia kitu ambacho hakijapangwa, hata vikombe vya jikoni vinamjua, na akaona afadhali sababu zifuate herufi. Akazipanga: ameacha, amefariki, amehama. Akaridhika, akaweka sahihi, fomu zikaenda.

Walimu wakuu wengi walikuwa wameijaza fomu ile kwa miaka kumi na zaidi, na mkono ulikuwa unaijua njia. Mtoto amehama, andika mbili. Wakaandika mbili.

Ripoti ya chama ilipokuwa ikiandaliwa, Shangazi alikuwa likizo, bintiye amejifungua. Kompyuta ikajumlisha, na mimi ndiye niliyepanga kurasa. Kwenye ukurasa wa nane palitokea wanafunzi mia tatu na kumi na wawili waliofariki. Mwaka uliotangulia walikuwa watano. Nakiri hapa mbele ya wote kwamba niliiona namba hiyo, nikasema "masikini," nikaendelea kurekebisha pambizo. Mwenyekiti wetu wa sasa, mwenye kiwanda cha rangi, aliposoma aliinama kwa muda mrefu. Alisikitika kweli, sidhani kama kulikuwa na hila. Lakini pia aliona amepata namba ya kuwaamsha wakubwa, na akaiweka kwenye aya ya kwanza ya hotuba yake. Kurasa zikapelekwa kwa mpiga chapa, nakala elfu mbili.

Shangazi alirudi kazini Jumanne asubuhi na keki ya mjukuu mkononi. Hakuikata. Alifika ukurasa wa nane, akaniomba fomu, akaweka kidole kwenye mbili, kisha kwenye tatu, kisha tena kwenye mbili. Ndipo aliposema maneno ambayo sitayasahau: "Watoto hawa ama wamekufa kweli, ama nimewaua mimi kwa fomu. Niombee iwe ni mimi."

Nimefanya kazi na watu wengi, na wote, nikiwemo mimi, kosa likitokea tunaomba liwe la mwingine. Huyu alikuwa anaomba kwa moyo wote liwe lake.

Mchana huohuo aliingia kwenye kamati, akasimama, akasema fomu ni ya kwake na mpangilio ni wa kwake. Chumba kiliwaka moto. Mmoja alitaka aondolewe siku hiyohiyo. Mwingine, ambaye ameshatoka chamani, alisema namba iachwe kama ilivyo, kwani nani atakwenda kuhesabu makaburi? Wengi walikuwa wakiwaza kile kile: tumehangaika miaka yote tuaminiwe kukabidhiwa takwimu za watoto wa watu, na sasa tumetengeneza fomu inayoua. Mwenyekiti alipiga simu kwa mpiga chapa pale pale mezani. Majalada yalikuwa tayari, kurasa za ndani zilikuwa bado. Nilishusha pumzi hadi mwenzangu akanigeukia. Kisha mwenyekiti akampa Shangazi wiki tatu za kuwatafuta wote, mmoja mmoja.

Nilikwenda naye, kwa kuwa nilikuwa na deni la ile "masikini" yangu. Alinunua daftari la kurasa mia mbili, akaandika kila mtoto: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule aliyotoka, mlezi, kama rejista ya darasa lake ilivyosema. Siku ya kwanza tulijifunza kwamba huwezi kumwendea mzazi na kumuuliza kama mwanawe mzima. Fundi cherehani mmoja aliulizwa hivyo, akatuacha na kitambaa kwenye mashine, akakimbia mpaka shuleni na utepe wa kupimia shingoni. Tulimkuta amemkumbatia mwanawe mbele ya darasa zima, na mtoto anaona aibu mpaka masikio. Tangu hapo Shangazi akabuni njia yake. Alikwenda shule mpya na kuomba aonyeshwe daftari la mtoto lenye tarehe ya jana. Neno la mwalimu kwamba "yupo huyo, nilimwona juzijuzi" halikumtosha. Daftari, na tarehe ya jana.

Tuliwakuta mmoja baada ya mwingine. Marehemu wetu mmoja alikuwa ndiye anayegonga kengele ya shule. Mwingine, binti wa darasa la sita, aliposikia kwamba kwenye karatasi zetu alishakufa, aliuliza kama bado analazimika kufanya jaribio la hesabu la Ijumaa. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akamjibu kwamba analazimika. Kila jioni alipiga mstari kwa rula kwenye waliopatikana, na kila jioni uso wake ulirudi kidogo kuwa ule tunaoujua.

Mwisho wa wiki ya tatu hesabu ilikuwa hivi. Wazima, mia tatu na tisa. Waliofariki kweli, wawili. Kwa wawili hao alikwenda peke yake, akakaa na wazazi wao, na aliyosikia huko hakuyaleta ofisini. Asiyejulikana, mmoja. Huyo alikuwa binti wa darasa la nne. Mwalimu wake alijua tu kwamba aliondoka na mama yake, nyumba waliyopanga ilishapata watu wengine, na majirani walitaja miji mitatu tofauti.

Siku ya kurudi kwenye kamati Shangazi alikuwa na daftari mkono mmoja na barua ya kuacha kazi mkono wa pili. Mwenyekiti aliisoma barua, akaigeuza upande wa nyuma, akaanza kuandika juu yake. Baadaye ndipo tulipojua alikuwa anaandika hotuba mpya. Aliisoma wiki ile mbele ya ofisi nzima ya elimu, na naikumbuka sehemu hii: "Kopo la rangi likirudishwa kwangu, namba yake inaniambia lilijazwa siku gani, zamu ya nani, kwenye pipa lipi. Mtoto akihamia shule ya mtaa wa pili, ilibidi mama mmoja atembee wiki tatu kujua kama yuko hai." Hakupigiwa makofi. Watu waliinama wakaandika, na kwa shughuli zetu hiyo ni heshima kubwa zaidi.

Ripoti ilitoka ikiwa na kosa letu ukurasa wa kwanza, lote, na fomu yenyewe ikiwa imechapishwa pembeni. Matokeo yake yalinishangaza. Wale wa ofisi ya elimu waliokuwa wakituona wachuuzi walianza kupokea simu zetu, maana mtu aliyekuja kuuza kitu haanzi kwa kuonyesha ubovu wake. Walimu wakuu wakaanza kumpigia Shangazi wenyewe kumweleza makosa yao, wengine kwa kunong'ona, kama wanatubu. Wenye viwanda na makampuni ya mabasi wakapangiana zamu, wawili kila mwezi, kwenda kukaa kwenye vikao vya elimu na kuuliza swali lile la penseli badala ya kutoa lawama. Ilichukua miaka mitano na vikao ambavyo sitaki kuvikumbuka, vingine kwenye vyumba visivyo na hata feni. Januari mwaka huu namba moja ya mwanafunzi ilianza kutumika katika shule zote za umma nchini.

Kuna jambo lazima nilikiri hapa, kwani nafasi nyingine sitaipata. Kila mwaka, mwisho wa ripoti yetu, Shangazi aliongeza mstari mmoja: "Bado hajulikani: mwanafunzi mmoja." Kila mwaka nilimwomba autoe. Uliniharibia ukurasa, mwaka mmoja ulidondokea kwenye ukurasa mpya peke yake, na wasomaji walipiga simu kuuliza ni nini. Mwenyekiti mwenyewe alimwambia kwa upole kwamba mmoja kati ya mia tatu na kumi na wawili ni hesabu nzuri kwa yeyote. Shangazi alisema huyo mmoja kwa mama yake ni wote. Mstari ukabaki.

Mwaka jana alitimiza miaka sitini. Tulishaanza kuchangia zawadi, akaomba mwaka mmoja zaidi. Mume wake, nesi mstaafu ambaye alishapanda mboga za watu wawili nyuma ya nyumba, alikuja ofisini kutuuliza tumemlisha nini mkewe. Afisa utumishi alipomtaka Shangazi aandike sababu, aliandika: "Nina mtu mmoja sijamwona."

Mfumo mpya ulipoanza, ulikataa baadhi ya kumbukumbu, kama mifumo inavyofanya, na zile zilizokataliwa zililetwa kwetu tusaidie kuzisafisha. Zilikuwa elfu moja mia moja na kitu. Vijana wa kompyuta walitaka kuzirudisha mashuleni kwa mkupuo. Shangazi akasema aachiwe azisome. Katikati ya Mei, asubuhi, niko naye ofisini, nikasikia kiti chake kikirudi nyuma. Aliifungua droo, akatoa lile daftari la kurasa mia mbili, akaliweka karibu na kioo cha kompyuta.

Msichana wa kidato cha tatu, shule moja mbali sana na hapa, alikuwa amekataliwa na mfumo kwa kuwa alizaliwa tarehe 31 Aprili. Siku hiyo haipo. Mwalimu fulani wa darasa la kwanza aliiandika hivyo, na kila shule aliyopitia msichana huyo iliinakili kwa uaminifu, bila mtu kuthubutu kuigusa. Jina la ukoo lilikuwa la baba wa kambo, shule zilikuwa zimebadilika mara tatu. Jina la kwanza lilikuwa lilelile. Na kwenye daftari, kwa mwandiko wa Shangazi wa miaka sita iliyopita: 31 Aprili.

Alipiga simu shuleni. Nilimwona akimweleza mwalimu mkuu kwa utaratibu, akitaja jina, kisha akaomba kile anachokiomba daima, daftari lenye tarehe ya jana. Mwalimu akamwambia asubiri. Alisubiri dakika kumi na moja, nilizihesabu, amesimama, mkono mmoja juu ya meza. Sauti iliporudi niliisikia mpaka nilipokaa. Daftari lipo, la baiolojia, tarehe ya jana, mwandiko mzuri tu, na mwenyewe yuko hapa mlangoni anauliza ni nani anayemtafuta.

Shangazi alifumba macho. "Mwambie ni mtu aliyewahi kumwandika vibaya," alisema. "Namwomba radhi."

Kukawa na minong'ono upande wa pili. Binti alijibu kupitia kwa mwalimu wake kwamba amesamehe, ingawa hajui kosa lenyewe, ila kama huyo mama anahusika na kuandika, amrekebishie siku ya kuzaliwa, maana amechoka kuchekwa. Wote wawili tulicheka, na wote wawili tulikuwa tunalia. Nilihisi kitu nilichokuwa nimekibeba miaka sita bila kujua kikishuka mabegani, na kama ni hivyo kwangu mimi niliyesema "masikini" tu, sijui yeye alishusha mzigo gani.

Siku iliyofuata alileta barua ya kustaafu. Wiki tatu baadaye kadi ya kliniki ya yule binti ilifika kwa njia ya posta, na kazi ya mwisho ambayo Shangazi ameifanya kwenye kompyuta ya chama ni kuandika 30 Aprili na kubonyeza kitufe. Mfumo ukakubali. Ripoti ya mwaka huu, kwa mara ya kwanza, inaishia pale ninapotaka iishie.

Kwa niaba ya wanachama wote, wafanyakazi wote, na walimu wakuu wa shule arobaini na moja ambao bado wanakupigia simu kwa kunong'ona, tunakushukuru, Shangazi, kwa kutufundisha kuuliza wangapi, na kwa kosa lako ambalo uliliombea liwe lako. Kalale mpaka jua likuchome miguuni. Kaonje mboga za mumeo, na usizihesabu. Maisha mema, mama yetu. Hakuna aliyebaki.